Nani Atamganga Mganga?

Mganga hajigangi, walinena wahenga, nasi tumeirithi methali hiyo tukaitumia pasi na kuichunguza. Aghalabu hutamkwa kwa kejeli. Seremala anapolalia kitanda cha miguu mitatu, au mwalimu wa hisabati anapokuwa na mwana asiyejua kutoa na kujumlisha, twacheka na kusema, ndiyo hayo, mganga hajigangi. Hata hivyo, mwenye kuitazama methali hii kwa jicho la sarufi ataona kwamba ina zaidi ya kejeli. Kitenzi ganga, mbali na maana yake ya kutibu, kina maana ya kufunga na kuunga kitu kilichovunjika. Ndiyo sababu gango ni kile kipande kinachoshikanisha pande mbili zilizoachana. Kiambishi -ji- nacho humrejeshea mtenda tendo lake mwenyewe. Asemalo mhenga, basi, ni kwamba mkono uliovunjika hauwezi kujifunga bandeji wenyewe. Hakusema kwamba mganga hagangwi.

Tofauti baina ya hajigangi na hagangwi ni ya silabi chache tu, lakini ndani yake ndimo lilimo suala ambalo ningependa tulitafakari, msomaji mpenzi. Linahusu watu ambao nchi yetu inazidi kuwategemea mwaka baada ya mwaka, yaani wanasaikolojia na washauri nasaha, wakiwemo walimu washauri walio katika shule zetu.

Nawataja kwa pamoja ingawa wenyewe wana mipaka yao. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na ana idhini ya kuandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea nafsi na tabia za binadamu, naye hutumia vipimo na mazungumzo. Mshauri nasaha hutegemea mazungumzo zaidi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliwaweka hawa wawili wa mwisho chini ya bodi moja, nami naufuata mkondo huo huo. Kinachowaunganisha ni kwamba chombo chao cha kazi ni nafsi zao wenyewe. Fundi wa magari akichoka, spana yake haichoki. Mshauri akichoka, spana ndiyo iliyochoka.

Aliyetufumbua macho kuhusu jambo hili hakuwa mtu wa nje aliyekuja kuwachunguza, bali mmoja wao. Herbert Freudenberger alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, akawakimbia Wanazi angali mtoto, na hatimaye akawa mwanasaikolojia mjini New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiwahudumia wateja wake mchana, na jioni akienda kujitolea katika kliniki ya bure ya vijana, wengi wao watumiaji wa dawa za kulevya. Alirejea nyumbani usiku mkubwa na kesho yake akaanza upya. Mwaka 1974 alichapisha makala kuhusu hali aliyoiona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Aligundua kwamba wale waliojitosa katika kazi kwa moyo wao wote ndio waliokuwa wa kwanza kuishiwa. Walikuwa wepesi wa hasira, wagumu wa kushaurika, na wenye kuwadharau wale wale waliokuja kuwasaidia. Hali hiyo aliipa jina la Kiingereza lenye picha ya kitu kilichoteketea mpaka moto wenyewe ukazimika kwa kukosa cha kuunguza.

Inasimuliwa kwamba siku ya kwenda likizoni na jamaa zake, Freudenberger alishindwa kuinuka kitandani. Baadaye alichukua kinasa sauti, akajieleza humo yote yaliyokuwa moyoni, kisha akaketi kujisikiliza kama alivyozoea kumsikiliza mteja. Tazama basi: hata huyo alipotaka kujiganga ilimbidi kwanza ajigawe awe watu wawili.

Baada yake alikuja Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambaye pamoja na Susan Jackson walichapisha mwaka 1981 kipimo cha hali hii ambacho kingali kinatumika. Walitaja dalili tatu: kuishiwa na nguvu za hisia, kuwatazama watu kana kwamba ni vitu, na kujiona kwamba hufanyi lolote la maana. Shirika la Afya Duniani nalo, katika uainishaji wake wa maradhi ulioanza kutumika mwaka 2022, limeitaja hali hiyo, si kama ugonjwa, bali kama jambo litokanalo na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa vyema. Uamuzi huo si wa kupuuzwa. Ikiwa chanzo ni kazi jinsi ilivyopangwa, basi haitoshi kumwambia mfanyakazi aende pwani akapunge upepo siku mbili, kisha arudi kwenye mpangilio ule ule uliomsonga. (Neno msongo, kwa wanaopenda asili za maneno, latokana na songa, kitenzi kile kile cha kusonga ugali. Yeyote aliyewahi kusonga ugali wa shule nzima anajua mkono husemaje kesho yake.)

Dalili ya pili, ile ya kuwatazama watu kana kwamba ni vitu, ndiyo iliyoniingiza mimi mwanaisimu katika shughuli isiyokuwa yangu. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha Kiswahili katika shule moja ya bweni na ndiye pia mwalimu mshauri wa shule hiyo, alinitembelea wakati wa likizo. Nilimuuliza habari za kazi. Akanijibu, "Muhula huu umekuwa mgumu, mwalimu. Wiki ya mwisho nilipata kesi saba. Mbili zilikuwa nzito. Moja nilidhani imekwisha, kumbe imerudi."

Niliisikiliza sarufi ya maneno hayo kabla ya kuyasikiliza maneno yenyewe, na huo ndio ugonjwa wa kazi yangu mimi. Kiswahili humpa kila chenye uhai upatanisho wa ngeli ya A-WA. Twasema nyuki amekufa, kuku ametaga, chura anaruka. Lugha yetu haimnyimi hata chura heshima hiyo. Hapa palikuwa na msichana wa kidato cha pili, mwenye jina na mama na daftari, naye alikuwa amehamishwa kutoka yule amerudi hadi ile imerudi, pamoja na meza na kalamu. Hospitalini pia husikika hivyo hivyo, kitanda namba tisa kimekataa dawa.

Nilipomwonyesha jambo hilo alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nikisema yule mtoto, sura yake hunijia. Nikisema ile kesi, hainijii. Usiku nahitaji isinijie."

Kwa hiyo ile haikuwa dharau. Ilikuwa ngao. Mtu hujikinga kwa chochote kilicho karibu, na kilichokuwa karibu na mwalimu wa Kiswahili kilikuwa ngeli. Lakini ngao ya namna hiyo ina gharama, kwa kuwa mtoto anayeketi upande wa pili wa meza hutambua upesi kama anazungumziwa katika A-WA au I-ZI, hata pasipo neno lolote kutamkwa. Akishatambua, hufunga kinywa.

Sisi wa taaluma ya lugha tunalijua tatizo hili kwa upande wa wakalimani. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilipoanza vikao vyake mwezi Aprili 1996, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu, mashahidi walisema kwa lugha zao na maneno yao yakafasiriwa papo hapo. Kanuni ya ukalimani humtaka mkalimani azungumze katika nafsi ya kwanza. Mama akisema, "Walimchukua mwanangu," mkalimani hasemi, "Anasema kwamba walimchukua mwanawe." Husema, "Walimchukua mwanangu." Kutwa nzima, siku baada ya siku, kijana ambaye hakuwahi kuteswa hukariri kwa kinywa chake kwamba aliteswa. Wakalimani wa tume hiyo walieleza baadaye jinsi ile "mimi" ya kuazima ilivyowafuata hadi nyumbani. Karibu nasi, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufunga milango mwishoni mwa mwaka 2015, ilisikiliza ushahidi wa Kinyarwanda kupitia vinywa vya wakalimani wa Kifaransa na Kiingereza. Mzigo wao ulikuwa wa aina hiyo hiyo.

Mshauri nasaha haitamki "mimi" hiyo kwa sauti, lakini mafunzo yake humtaka aitamke moyoni. Huambiwa autazame ulimwengu kwa macho ya anayezungumza, bila ya kujisahau. Mwaka 1990, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman, waliandika kwamba kuwasikiliza waliojeruhiwa nafsi, tena kwa muda mrefu, hubadilisha jinsi msikilizaji anavyouona ulimwengu wote. Aliyeamini kwamba watu kwa jumla ni wema huanza kutilia shaka kila mjomba na kila jirani. Mzazi huanza kumkataza mwanawe kulala kwa shangazi. Hajadhulumiwa na yeyote, ila amesikia mno.

Mkalimani, angalau, alitafsiri hadharani na dunia ikasikia pamoja naye. Mshauri hana pa kusemea. Mwalimu wa kawaida aliyeudhiwa na darasa huingia chumba cha walimu, akalalamika, wenzake wakamcheka na kummiminia chai, na kabla ya kikombe kwisha ghadhabu imeshuka. Mwalimu mshauri huingia chumba hicho hicho akanywa chai kimya. Nyumbani huulizwa kazi ilikuwaje, akajibu njema. Siri ndiyo amana ya kazi yake, na akiivunja mara moja tu hakuna mwanafunzi atakayebisha mlango wake tena. Lakini zipo pia siri ambazo sheria inamkataza kuzitunza. Waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa mwaka 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi humlazimu mwalimu aliyepata habari za uovu huo aupige ripoti, tena upesi. Kwa hiyo mshauri hubeba siri asizoruhusiwa kuzitoa na siri asizoruhusiwa kuzificha, na sharti apambanue baina ya hizo mbili kabla ya kengele ya kipindi kifuatacho kulia.

Na kwa miaka mingi kulikuwa na jambo lililozidi hilo kwa uzito. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hata aliyetaka kumweleza mshauri kwamba alijaribu kuitoa roho yake alikuwa, kisheria, anakiri hatia. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Mahakama imemwondolea mgonjwa hofu ya polisi. Haiwezi kumwondolea mshauri hofu yake, ile ya kuachana na mtu saa kumi jioni na kulala akijiuliza kama kesho atamwona.

Jina la kazi yenyewe nalo halimsaidii. Tumeungana mshauri na nasaha, maneno mawili yanayomaanisha takriban kitu kimoja, na yote mawili yanaahidi kwamba huyu mtu atatoa maneno. Ilhali sehemu kubwa ya kazi yake ni kuyapokea. Mzazi humleta mwana na kusema, "Mshauri aache." Mkuu wa shule hutuma mtoto mkorofi saa nne akitarajia arudishiwe saa tano akiwa amenyooka mfano wa shati lililopigwa pasi. Asiponyooka, mshauri ndiye aliyeshindwa. Dalili ya tatu ya Maslach, ile ya kujiona hufanyi la maana, aghalabu hupandwa na wengine.

Nchi yetu imewatumia watu hawa bila ya kuwahesabia gharama. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu 213 walifariki papa hapa na maelfu wakajeruhiwa, wengi kwa vigae vya vioo vilivyowapofusha. Washauri waliokuwapo walikuwa wachache, na miongoni mwao walikuwemo waliojitolea, wakawasikiliza manusura kwa miezi. Septemba 2013 ikaja Westgate, watu 67 wakauawa. Aprili 2, 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, wakafa 148, wengi wao wanafunzi wa umri wa wale ninaowafundisha. Jamaa waliokuja kuitambua miili katika chumba cha maiti cha Chiromo walikuwa na watu kando yao wa kuwashika mkono. Janga linapotokea, husikika redioni kwamba washauri wamepelekwa. Sijapata kusikia kwamba washauri wale wamerudi, na kwamba kuna aliyewapokea.

Shuleni mambo huenda kwa kishindo kidogo zaidi lakini kila siku. Ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikwisha kupendekeza ushauri na uelekezaji uimarishwe shuleni. Mwaka 2001 mabweni ya Kyanguli yaliteketezwa na wavulana 67 wakaangamia, na mwaka huo huo adhabu ya kiboko ikapigwa marufuku. Nilifurahi kiboko kilipoondoka na ningali nafurahi. Lakini kazi zote zilizokuwa zikifanywa na kiboko, vyema au vibaya, zilitupiwa ofisi ya ushauri, na aghalabu ofisi hiyo haikuongezewa mtu wala mwalimu mshauri kupunguziwa kipindi hata kimoja. Mwanafunzi wangu hutoka kusikiliza habari za msiba saa tano kasorobo, na saa tano kamili yuko mbele ya kidato cha tatu akifafanua vitenzi vishirikishi. Ofisi yake ni nusu ya ghala la vifaa vya michezo. Mlango wake unatazamana na bwalo, hivyo shule nzima humwona kila aingiaye.

Wapo watakaouliza kwani wauguzi hawachoki, polisi hawachoki, walimu wengine hawachoki. Wanachoka, tena sana, na kila mmoja anastahili makala yake. Lakini methali nyingine hutuambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani uzito wa mwingine huuhisi mwepesi. Mshauri hulipwa, pale anapolipwa, ili mzigo wa mwenzake usiwe kanda la usufi kwake. Siku utakapokuwa mwepesi mabegani mwake ndiyo siku ameacha kuifanya kazi hiyo, hata kama jina lake lingali mlangoni.

Dawa inajulikana, wala si ngeni kwa taaluma yenyewe. Sigmund Freud aliandika mwaka 1937, akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi, kwamba yeyote afanyaye kazi hii inafaa arudi mwenyewe kwenye kiti cha mgonjwa kila baada ya miaka mitano hivi, na asione haya. Nchini Uingereza, chama kikuu cha washauri huwataka wanachama wake walioidhinishwa wakutane na mshauri mwenzao mzoefu kwa muda usiopungua saa moja na nusu kila mwezi, wayaeleze waliyoyasikia bila ya kutaja majina. Huko ndiko kugangwa. Hata hapa kwetu washauri waliosomea kazi hii hufundishwa umuhimu wa mikutano hiyo. Mwalimu mshauri aliyeteuliwa na mkuu wa shule kwa sababu ana sauti ya upole, na akapewa warsha ya siku tatu, huenda hajawahi kuisikia.

Hapa pia neno limeharibu mambo. Mikutano hiyo huitwa usimamizi, nasi tunawajua wasimamizi, wa mashamba na wa mitihani. Nani atakwenda kwa hiari kusimamiwa? Nimewasikia wengine wakiiita ulezi wa kitaaluma, na naona wamelenga vyema, kwa kuwa mlezi humbeba yule anayebeba.

Nisingependa kuiachia serikali jambo hili lote, kwani tutangoja. Mkuu wa shule anaweza kesho asubuhi kumpunguzia mwalimu mshauri vipindi vinne. Anaweza kumpa dakika thelathini baina ya mazungumzo mazito na somo linalofuata, na kumtafutia chumba kisichotazamana na bwalo. Afisa wa elimu anaweza kuihesabu saa ya ulezi kuwa saa ya kazi, kama anavyoihesabu mikutano ya michezo. Vyuo vyetu vya ualimu vinaweza kumfundisha mwalimu mwanafunzi, kabla hajakabidhiwa siri ya kwanza, jinsi ya kuitua.

Yule mwanafunzi wangu hakungoja hayo. Yeye na walimu washauri watatu wa shule za jirani hukutana Jumamosi moja kila mwezi katika chumba walichoazimwa na kanisa, pamoja na mshauri mmoja mstaafu ambaye hawadai hata senti. Hawataji majina ya wanafunzi wala ya shule. Kila mmoja hupewa dakika arobaini, na wengine husikiliza. Wamekubaliana pia kwamba humo ndani hakuna kesi, pana mtoto, yule mtoto, na akianza kulia anayesimulia hakuna wa kumharakisha. Nilimuuliza shule yake inamsaidia vipi katika hilo. Alisema mkuu wake humruhusu kwenda, ila nauli hujilipia mwenyewe.